Bi Mkubwa na Bi Mdogo

Mkanda ulitoka mtupu.

Mke wa mpiga picha aliuchomoa kwenye kopo la dawa, akauinua mbele ya dirisha dogo la bafuni na kuutafuta kwa macho mwanzo hadi mwisho. Alitazamia kuona waombolezaji, nyuso nyeusi zimegeuka nyeupe na mashati meupe yamegeuka meusi, kama ilivyo kawaida ya mkanda kabla haujawa picha. Badala yake aliona nondo za dirisha upande wa pili. Mkanda mzima ulikuwa angavu kama kioo kilichofutwa.

"Wametoka?" mumewe aliuliza nje ya mlango. Ndivyo walivyoulizana miaka yote, kana kwamba watu waliopigwa picha walikuwa wamefungiwa mle ndani wakisubiri kuachiwa.

"Bado hawajakauka," alijibu.

"Basi wape hewa, Mama Giza." Mumewe alicheka, akaondoka, ndara zake zikipiga sakafu.

Jina la Mama Giza alipewa na watoto wa majirani, kwa sababu ya ile sauti iliyotoka bafuni kila alipozima taa: "Asifungue mtu!" Alilizoea, hata kulipenda. Lakini asubuhi ile alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akajiona kweli yuko gizani.

Pembeni mwa mkanda, tarakimu ndogo za kiwandani zilikuwa zimetoka vizuri, nyeusi, zinasomeka. Hizo ndizo zilizomtia baridi. Kama nazo zingekosekana, kosa lingekuwa lake: dawa imechoka, au amechanganya vibaya. Angeomba radhi, mumewe angefoka kidogo, yangekwisha. Lakini tarakimu zikitoka na watu wasitoke, basi dawa imefanya kazi yake. Ni mwanga ambao haukuingia. Kosa liko kwenye kamera, au kwa aliyeishika.

Aliomba Mungu liwe la kamera. Akanyata hadi chumbani, akaitoa kwenye mkoba wake, akaifungua mgongo, akabonyeza kitufe huku akichungulia kwa nyuma. Giza. Akabonyeza tena. Giza. Moyo ukamruka kwa furaha: kumbe imeharibika! Kisha akaigeuza mbele. Kifuniko cheusi kilikuwa bado kimeibana lenzi. Akakitoa, akabonyeza, na mwanga wa dirishani ukapita ndani safi, kama mtu aliyepepesa jicho.

Kamera ilikuwa nzima.

Kamera za nyumba ile hazikutazamwa kupitia lenzi. Mpiga picha aliweka jicho kwenye kidirisha kilicho pembeni, na ndani yake akaona sura mbili za mtu mmoja, moja imeteleza kando ya nyingine. Akazungusha pete ya lenzi mpaka sura mbili zikagandana kuwa moja, ndipo akabonyeza. Zilikuwa kamera za watu makini, za bei ambayo wengine hujengea nyumba. Ila zilikuwa na ila moja: lenzi ikiwa imefumbwa, kidirishani dunia yote inaonekana kama kawaida. Unaweza kupiga mkanda mzima, ukasema "tabasamu", ukasema "tulia hapo hapo", na usipige kitu.

Kosa la mwanafunzi. Mumewe alikuwa akiwacheka wanafunzi kwa kosa hilo.

*

Kamera zilikuwa mbili. Bi Mkubwa alikuwa chuma na shaba tupu, hana betri, hana taa, rangi imemtoka kwenye kingo. Fundi aliyemfundisha mumewe kazi ndiye aliyemwachia. Bi Mkubwa huyu ndiye aliyebebwa kwenye msiba ule. Bi Mdogo alinunuliwa katika miaka ya neema. Huyo alikuwa na kipima mwanga ndani, na mwanga ukipungua au ukizidi, mshale mwekundu uliwaka kwenye kidirisha. Ukimsahau na kifuniko chake, mshale utakuwakia mpaka ukome. Mama Giza alikuwa na utani wake kwamba yeye ni mke wa tatu, na zamu yake hufika wenzake wakishalala kwenye mikoba.

Siku mbili baadaye, mezani, mumewe alisukuma kikombe cha chai kando, akakohoa kikohozi cha kutangaza jambo.

"Daktari wa meno anakuja Alhamisi. Anataka kamera moja. Yoyote, bei ni ile ile. Mwenye chumba cha duka letu naye hataki tena maneno, anataka kodi yake."

"Daktari wa meno na kamera za mkanda, wapi na wapi?" aliuliza binti yao, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga picha za pasi kwenye duka lao la picha kwa kamera yake ya kisasa.

"Ana kabati zima. Anasema midomo ya watu imemchosha, anataka kitu kisichopiga kelele."

"Basi baba muuzie zote mbili. Tubaki na yangu."

"Yako ni kamera au simu iliyonenepa?"

Binti alicheka hadi chai ikampalia. Mama Giza alicheka pia, kwa kuchelewa, akisikia kicheko chake mwenyewe kama cha jirani.

"Nitaachana na Bi Mdogo," mumewe alisema.

"Kwa nini yeye?"

"Betri zake ghali. Na ile taa inanipigia kelele machoni kama askari wa barabarani."

"Taa ile inakusaidia, baba watoto."

"Inisaidie nini? Mwanga naujua kwa ngozi."

"Macho huchoka. Kamera yenye kipimo ni ya uzeeni. Hii nyingine ni ya ujanani."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. "Nani mzee?"

"Sijasema mzee."

"Umesema uzeeni. Nimesikia. Masikio bado ninayo." Alitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. "Bi Mkubwa haondoki nyumba hii. Akiondoka yeye, nami mnifungashie."

Mama Giza akakusanya vikombe. Kaka mkubwa wa mumewe alianza hivi hivi. Alianza kwa kusahau funguo, akamaliza kwa kumwita mkewe wa ndoa "dada wa maziwa" na kumuuliza bei. Siku waliyorudi makaburini kumzika, mumewe alivua viatu mlangoni akasema, bila kumtazama mtu: "Yakinifika mimi yale, msiniambie. Nifichieni." Nao wakaitikia, kama mtu anavyoitikia neno la msibani.

Simu ya duka iliita. Binti aliipokea, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja. "Mama, yule fundi cherehani. Anauliza picha za msiba wa mama yake."

"Mwambie hazijakauka."

"Jana pia hazijakauka."

"Mwambie."

Mumewe alitikisa kichwa kwa huruma. "Unyevunyevu huu," alisema. "Watu hawakauki."

*

Alhamisi daktari wa meno alifika mapema. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye sauti ya kumtuliza mgonjwa. Alivaa glavu zake nyembamba za kazini, akakaa kwenye kochi, na kamera mbili zikawekwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe.

"Tufungue kidogo," alimwambia Bi Mdogo, akamfungua mgongo na kumchungulia. "Safi. Safi kabisa. Hakuna tundu."

Mumewe alicheka, na Mama Giza, aliyesimama na sinia ya vikombe, alimwona jinsi alivyoegemea mbele kama baba anayeposewa binti. Mikono yake ilikuwa magotini imetulia. Hapo ndipo ilipomuuma zaidi: alikuwa hana habari.

Alikuwa amejipangia kusema neno jepesi. Angesema, Daktari, huyo mkongwe ndiye hasa wa kuwekwa kabatini. Angecheka. Angemsifia rangi iliyotoka. Daktari angemgeukia Bi Mkubwa, mumewe angefoka, angenuna wiki nzima, na kila aendako angekuwa na mshale mwekundu wa kumkumbusha. Hakuna ambaye angelazimika kuambiwa kitu. Alifungua kinywa.

"Hodi humu!"

Fundi cherehani aliingia kabla ya kukaribishwa, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Aliona mgeni, akasita, lakini hakurudi nyuma.

"Samahanini. Mama Giza, nimekuja mwenyewe, maana simu inanijibu jibu lile lile. Kaka zangu wanaondoka kesho alfajiri, kila mtu na njia yake. Nataka wabebe picha."

"Karibu kiti, dada," alisema mpiga picha.

"Sikai, mzee. Nipe hata zikiwa mbichi, nitazianika mwenyewe."

Mama Giza aliweka sinia chini.

"Hakuna picha," alisema.

"Hakuna vipi?"

"Mkanda umetoka mtupu. Hakutoka hata mtu mmoja."

Fundi cherehani alishika ncha mbili za futi yake kama anayeshika kamba ya ndoo nzito. "Nilikulipeni."

"Tutakurudishia."

"Mnirudishie?" Sauti yake haikupanda, na ingekuwa nafuu kama ingepanda. "Kaka zangu hawajapeana mkono tangu ule ugomvi wa kiwanja. Walisimama pamoja mbele ya kamera yenu kwa sababu marehemu alikuwa bado hajapoa. Yule mkubwa alimshika mdogo bega. Mimi niliona. Nikasema moyoni, afadhali, limepigwa, hata wakigombana tena nitawaonyesha. Hilo mtalirudishaje?"

Daktari wa meno alitazama glavu zake.

Mpiga picha alikuwa amegeuka kumtazama mkewe, na usoni pake hapakuwa na hasira, palikuwa na huruma tu. "Ni dawa?" alimuuliza taratibu. "Dawa ilikuwa imechoka, Mama Giza? Sema tu, mambo hayo hutokea."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea. Anamkinga mbele za watu, hajui anamkinga na nini. Neno moja lingetosha. Ndiyo, ni dawa. Angebeba yeye aibu. Angeibeba kwa urahisi kuliko ndoo ya maji. Fundi cherehani angemtukana yeye, mumewe angemtetea. Na daktari angeondoka na Bi Mdogo, na Jumamosi ijayo mumewe angesimama mbele ya watu wengine, kwenye siku yao nyingine isiyorudi, na lenzi imefumbwa.

"Dawa ni nzima," alisema. "Tarakimu zote zimetoka. Kifuniko hakikutolewa, baba watoto."

Dukani, upande wa mbele, binti alisikika akimwambia mteja anyanyue kidevu.

"Siku nzima?" mumewe aliuliza.

"Mkanda mzima."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nikiwa bafuni."

"Ukanificha."

"Uliomba tukufiche."

"Niliomba kabla sijaogopa," alisema.

Kisha akafanya jambo ambalo mkewe hakulitarajia. Alinyoosha mkono, akamtoa Bi Mdogo mikononi mwa daktari, akamweka jichoni, akamwelekeza kwenye kona yenye giza chini ya meza.

"Huu mshale," alisema, jicho likiwa bado kidirishani. "Ukiwaka upande huu, unaniambia niongeze mwanga au nipunguze?"

Daktari alitaka kujibu, akajizuia.

"Mimi ndiye niliyewafundisha wengine. Nakumbuka niliwafundisha. Lakini neno lenyewe silioni. Nikishika hii, taa inawaka, najua nasemeshwa, sijui nasemeshwa nini. Basi nazidi kuchanganyikiwa, nakosa hata nilichokuwa nacho." Alimshusha Bi Mdogo mapajani. "Mlidhani ni betri. Yule mwingine namjua kwa vidole. Yeye haniulizi kitu. Nilisema nikibaki naye, pengine hamtajua."

Siku zote hizi Mama Giza alikuwa akihangaika kumwokoa Bi Mdogo, kumbe alitaka kumwachia mumewe kamera inayomsemesha lugha asiyoijua tena. Wote wawili walikuwa wamejificha katika nyumba moja, kila mtu nyuma ya mlango wake, wakiulizana kama watu wametoka.

Alimwendea, akamchukua Bi Mdogo mapajani pake, akamrudisha mikononi mwa daktari.

"Mchukue huyu, Daktari."

"Mama, ninaweza kuja siku nyingine..."

"Ni huyu. Utunze betri zake, zinavuja zikikaa." Kisha akamgeukia fundi cherehani. "Kaka zako wako wapi sasa hivi?"

"Kwangu. Mmoja barazani, mmoja uani. Si unajua."

"Tutakuja sasa."

"Nani?"

"Mimi na yeye."

Fundi cherehani alimtazama mpiga picha, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayesubiri kunyolewa. "Samahani, mzee, mimi si mtu wa kumdhalilisha mtu. Lakini kwa nini nisimchukue binti yenu na ile kamera yake?"

Lilikuwa swali la haki. "Mchukue na yeye," Mama Giza alisema. "Apige za kwake. Lakini huyu aliyeharibu, mwache atengeneze. Nitasimama hapo hapo alipo. Asipotoa kifuniko, nitakitoa."

Mwanamke yule aliizungusha futi yake kidoleni, akaikunjua, akaizungusha tena. "Njooni kabla mkubwa hajafunga begi," alisema, akatoka bila kuaga.

*

Baraza la fundi cherehani lilikuwa na kivuli kizito cha paa, na nje yake jua kali liliupiga uwanja. Ndugu walitoka mmoja mmoja, wakavaa mashati waliyokuwa wameshayakunja. Kaka mkubwa alisimama mwisho wa kulia, mdogo mwisho wa kushoto, na katikati yao wakasimamishwa ndugu wengine kama mifuko ya saruji ya kuzuia mlango.

"Safari hii kamera imeamka?" mkubwa aliuliza, akitazama saa yake. Mtu mmoja alicheka. Fundi cherehani alimkata jicho.

Binti alipiga zake haraka haraka, akawaonyesha kwenye kioo, wakaridhika. Wawili wakaanza kuondoka kwenye mstari.

"Bado," alisema fundi cherehani. "Rudini. Kuna za mzee."

Mpiga picha alisogea mbele na Bi Mkubwa mkononi. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni. Mkewe alimfuata nusu hatua nyuma, mikono ameifunga kifuani ili isionekane inavyotaka kunyooka. Alimwona akishika kifuniko, akakitoa, akakitia mfukoni. Alimwona akivuta mkanda, akiweka jicho, akizungusha pete polepole, akitafuta sura mbili zigandane. Kidole kilipanda juu ya kitufe.

Hakikushuka.

Mstari ulianza kuchoka. Mtoto alikohoa ndani ya nyumba. Mama Giza aliona kwamba mumewe alikuwa amekwama. Kila alichojua alikuwa amekifanya, na hakuwa na hakika tena kama alichojua ndicho chote kinachohitajika. Mama Giza alijua pia kwamba mumewe angeweza kubonyeza tu, kama alivyokuwa akibonyeza, akachekesha watu, akaenda nyumbani.

Mpiga picha alishusha kamera.

"Jamani, niwieni radhi," alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Siku hizi nasahau. Mke wangu, njoo uangalie kama kuna kitu nimeacha."

Kaka mkubwa, aliyekuwa akitazama saa, aliacha kuitazama.

Mama Giza alisogea. Aliangalia lenzi: iko wazi. Aliangalia mkanda: umevutwa. Akainamia kigurudumu cha juu, kile cha kupangia mwanga, akakisoma, akasoma na kivuli kilichowafunika watu wale.

"Umeweka mwanga wa juani," alimwambia. "Sisi tuko kivulini."

"Kivulini," alirudia, akakizungusha. Mlio mmoja. Miwili. Akamtazama. "Hapa?"

"Mmoja tena."

Alizungusha. "Hapa?"

"Hapo."

Alirudisha kamera jichoni. "Wa mwisho huko," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya kazi, "sogeeni ndani, mnatoka nje ya kidirisha. Wote wawili. Sogeeni."

Walisogea.